Mizani ya Nchi Kavu na Mizani ya Maji

Wanangu, sogeeni niwasimulie habari ya wachezaji 25 ambao wengi wao mizani iliwasingizia, maji yakawatetea.

Ilikuwa Marekani, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Vijana walikuwa wakiandikishwa jeshini. Kila aliyefika alipimwa urefu, akapandishwa kwenye mizani, kisha kilo zake zikalinganishwa na jedwali. Jedwali lilikuwa na amri moja: mtu wa urefu huu asizidi uzito huu. Aliyezidi alihesabiwa mnene kupita kiasi, na mnene hakufaa.

Wachezaji hawa 25 walikuwa wakilipwa kucheza mpira wa Kimarekani, ule wa kukumbatiana na kuangushana. Walikuwa na vifua vipana na mapaja kama magogo. Walikimbia, waliruka, walibebana. Jedwali lilipofunguliwa, 17 kati yao hawakufaa kwa jeshi. Uzito umezidi!

Daktari mmoja wa jeshi la majini, Albert Behnke, hakuliamini jedwali hilo. Behnke alikuwa daktari wa wazamiaji. Mwaka 1939, nyambizi ya Squalus ilipozama karibu na pwani ya New Hampshire na kulala kwenye kina cha zaidi ya mita 70, mabaharia 33 walitolewa humo wakiwa hai, naye Behnke alikuwapo kuangalia afya ya wazamiaji waliofanya kazi ile. Ni wazamiaji waliomfanya ajiulize sana juu ya mafuta ya mwili. Mtu anapovuta hewa akiwa chini ya maji mengi, gesi ya naitrojeni hupenya mwilini mwake, na mafuta huimeza gesi hiyo takribani mara tano zaidi ya maji yanavyoimeza. Akipanda juu kwa haraka, naitrojeni hutoka kwa vipovu, ikamletea maumivu ya viungo na hata kupooza. Kwa hiyo Behnke alikuwa na swali zito: nitajuaje mtu huyu amebeba mafuta kiasi gani? Mizani ya nchi kavu ilimpa kilo tu. Haikumwambia ni kilo za nini.

Akaamua kumpima mtu ndani ya maji.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuisimulia. Mtu anapimwa kwanza nchi kavu. Kisha anazamishwa mwili mzima, huku akining'inia kwenye mizani, anatoa pumzi yote anayoweza kuitoa, anatulia, na uzito wake unasomwa akiwa humo majini. Tuwachukue watu wawili, kila mmoja ana kilo 90. Wa kwanza, tukishaondoa msaada wa hewa iliyobaki mapafuni, anasoma kilo 6 na nusu na zaidi kidogo. Wa pili anasoma kilo 3 na nusu. Nchi kavu walikuwa sawasawa. Maji yamewatenganisha.

Wale wachezaji walipopimwa hivyo, walionekana wazito majini kuliko watu wengi wa kawaida. Na mtu mzito majini ni mtu mwenye misuli mingi na mafuta machache. Kilo walizozidisha zilikuwa za misuli. Taarifa ya Behnke na wenzake ilichapishwa mwaka 1942, na tangu hapo wataalamu wa mwili wakajua kuwa kilo peke yake hazisemi kweli yote.

Sasa tuingie ndani ya jambo lenyewe, maana kijana anayetaka kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa atakutana na swali la Behnke siku ya kwanza, atakapovalishwa kiunoni mkanda wenye vipande vya risasi, yale madini mazito, ili vimsaidie kushuka. Kilo ngapi? Kwa nini yeye apewe nne na rafiki yake saba?

Jibu la msingi lilitolewa na Arkimidi, Mgiriki wa mji wa Sirakusa, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Alisema kitu kikiingia majini hukisukuma pembeni kiasi fulani cha maji, na maji hayo hulipiza kwa kukisukuma kitu kile juu, kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa. Uzito wako ukizidi uzito wa maji uliyoyasukuma, unazama. Ukipungua, unaelea. Ukilingana, unakaa hapo hapo ulipo, hushuki wala hupandi. Huko kukaa hapo hapo ndiko kila mpiga mbizi anakokutafuta.

Kwa hiyo mambo ni mawili: una uzito gani, na umechukua nafasi kubwa kiasi gani. Kilo 50 za mkaa zinajaza gunia kubwa, kilo 50 za mchele zinatosha gunia dogo. Mwilini ni vivyo hivyo. Lita moja ya mafuta ya mwili ina uzito wa gramu 900 hivi. Lita moja ya vitu vingine vyote vya mwili vikichanganywa, yaani misuli, mifupa, damu na viungo vya ndani, ina gramu 1,100 hivi. Na lita moja ya maji ya bahari ina gramu 1,025. Zitazameni namba hizo tatu. Maji ya bahari yako katikati. Mafuta ni mepesi kuliko bahari, basi huelea. Sehemu nyingine ya mwili ni nzito kuliko bahari, basi huzama. Kila mmoja wetu ni mchanganyiko wa vyote viwili.

Hebu tufanye hesabu ya watu wawili wenye kilo 70. Wa kwanza ana mafuta asilimia 15, wa pili asilimia 30. Ukigawa kila sehemu kwa uzito wa lita yake, utaona mwili wa kwanza unachukua nafasi ya lita 65.8, na wa pili lita 67.9. Baharini, kabla hatujahesabu hewa ya mapafuni, wa kwanza atazama kwa uzito wa kilo 2.6. Wa pili atazama kwa uzito wa nusu kilo tu, tena haifiki. Tofauti yao inakaribia kilo 2.2, na mizani ya nchi kavu haikuiona hata gramu moja.

Lakini mtu haingii majini bila hewa. Hata ukitoa pumzi mpaka basi, mapafu ya mtu mzima hubaki na hewa kama lita moja na robo hivi, nayo hubeba zaidi kidogo ya kilo moja. Ukiijumlisha hewa hiyo, rafiki yetu wa kwanza bado anazama, na wa pili anaelea. Nao wako uchi wa risasi, hawajavaa suti wala kubeba mtungi! Basi mkufunzi anayeuliza, "Una kilo ngapi?" na kutoa risasi asilimia 10 ya uzito wako anafanya makadirio ya kuanzia tu. Kwa hawa wawili angetoa kilo 7 kwa kila mmoja, na angalau mmoja wao angekuwa amekosewa.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu kuna uongo unaotembea juu ya jambo hili, na unawagusa ninyi hasa.

Mwezi wa Aprili 1987, kiongozi wa timu ya besiboli ya Los Angeles Dodgers, Al Campanis, alihojiwa kwenye televisheni ya Marekani. Aliulizwa kwa nini watu weusi hawapewi uongozi katika mchezo ule. Katika kujibu akadai, pamoja na mengine, kwamba watu weusi si waogeleaji wazuri kwa kuwa miili yao haielei. Siku mbili baadaye alijiuzulu. Maneno yake hayakujiuzulu. Mpaka leo utamsikia mtu, hata huku kwetu, akisema mifupa yetu ni mizito, bahari si yetu.

Tulipime neno hilo kwa hesabu ileile. Chukueni watu wawili waliolingana kila kitu, isipokuwa mifupa ya mmoja imezidi kwa nusu kilo nzima bila kuongezeka ukubwa. Huyo ataelea kama mwenzake akivuta hewa nusu lita zaidi. Nusu lita ni pumzi moja ya kawaida ya mtu aliyekaa kitini. Pumzi moja! Wala hakuna kabila wala rangi isiyo na watu wembamba, wanene, wenye misuli na wasio nayo. Tofauti ya mtu na jirani yake ni kubwa kuliko yoyote unayoweza kuibandika kwenye rangi ya ngozi.

Na historia inatoa ushahidi wake. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, watu wengi wa Afrika Mashariki walikamatwa, wakavushwa bahari na kuuzwa Uarabuni. Wengi wao walifanywa wazamiaji wa lulu katika Ghuba, wakifanya kazi ile ngumu pamoja na Waarabu na Wabaluchi. Mzamiaji alibana pua kwa kibano, akaingiza mguu kwenye kitanzi cha kamba yenye jiwe zito, akavuta pumzi na kushuka nalo. Akigusa chini, jiwe lilivutwa juu, naye akakusanya chaza mpaka alipotikisa kamba ili avutwe. Sasa niambieni: kama miili ya watu wale ingekuwa inazama yenyewe, jiwe lile lilikuwa la nini? Walifungiwa jiwe kwa sababu mtu mwenye mapafu yaliyojaa hewa anaelea, awe ametoka Bagamoyo au Bahrain. Jiwe la mguuni lilifanya kazi ileile inayofanywa leo na risasi ya kiunoni.

Turudi kwa mpiga mbizi wetu wa leo. Mwili wake tumeshauona. Sasa avae.

Kwanza suti. Suti ya kuzamia hutengenezwa kwa mpira uliojaa vipovu vidogo vya gesi. Vipovu hivyo huzuia baridi, na huelea sana. Kwa hiyo mtu mwembamba, ambaye husikia baridi mapema na kuvaa suti nene, huweza kuhitaji risasi nyingi kuliko mnene aliyevaa fulana nyepesi. Lakini kuna jambo hapa ambalo wengi hawalifikirii. Kila mita 10 unazoshuka, maji hukuongezea shinikizo sawa na la hewa yote iliyo juu yetu. Gesi iliyokuwa lita moja juu ya maji huwa nusu lita kwenye mita 10, theluthi ya lita kwenye mita 20, robo kwenye mita 30. Vipovu vya suti husinyaa, na suti hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake ya kuelea. Mafuta ya mwili hayafanyi hivyo. Nyama na mafuta havisinyai kwa shinikizo kama gesi. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kufungwa risasi sawa juu ya maji, mmoja kwa sababu ya mafuta yake, mwingine kwa sababu ya suti nene, lakini kwenye mita 20 yule wa suti anakuwa mzito ghafla, na yule wa mafuta hakubadilika sana. Wa suti lazima atie hewa zaidi kwenye jaketi lake la kuelea ili asiendelee kushuka.

Pili, mtungi. Mtungi wa alumini unaotumika sana una ujazo wa lita 11 hivi, na hewa hushindiliwa humo mpaka mara 200 ya ile tunayoivuta. Hewa ina uzito, wanangu. Mpiga mbizi anaporudi akiwa amebakisha robo ya mtungi, ameshavuta na kutoa hewa yenye uzito wa kilo 2 hivi. Amekuwa mwepesi kwa kilo hizo, na mtungi wa alumini ukikaribia kuisha huanza wenyewe kuvuta kwenda juu. Mtungi wa chuma huwa mzito zaidi na kwa kawaida haufiki huko. Ndiyo sababu mtu aliyeshuka vizuri mwanzoni anaweza kushindwa kutulia kwenye mita 5 mwishoni, pale anapotakiwa asimame dakika 3 ili naitrojeni itoke mwilini taratibu. Risasi ikiwa pungufu, maji yanampandisha kabla ya wakati.

Tatu, maji yenyewe. Maji ya ziwa hayana chumvi ya bahari, na lita yake ina gramu 1,000 hivi. Mpiga mbizi ambaye yeye na vifaa vyake vyote ni kilo 100, akitoka kisiwa cha Mafia kwenda Ziwa Tanganyika, anahitaji kupunguza risasi kama kilo 2 na nusu, ama sivyo atatua chini. Na huko Bahari ya Chumvi, lita moja ya maji ina gramu 1,240 hivi. Hata wale wachezaji wa Behnke wangeelea humo bila taabu.

Nne, pumzi. Kila lita ya hewa unayoivuta hukuinua kwa kilo moja na gramu chache. Mpiga mbizi aliyefungwa risasi sawasawa huvuta hewa polepole akapanda kidogo, akaitoa polepole akashuka kidogo, na huupita mwamba wa matumbawe bila kuugusa. Lakini shikeni sheria hii kuliko zote: unapovuta hewa ya mtungi, usiizuie pumzi kamwe. Ukizuia na huku unapanda, hewa ya mapafuni hutanuka kwa sheria ileile iliyosinyaza vipovu vya suti, na mapafu yanaweza kupasuka.

Liko pia jambo la mahali risasi inapokaa. Mafuta hayajagawanyika sawa mwilini. Wanawake wengi wana mafuta zaidi nyongani na mapajani, na miguu yao huelea. Wavulana wengi wana miguu myembamba yenye misuli, nayo huning'inia. Mtu ambaye miguu inashuka huogelea ameinuka kama anapanda ngazi, akipiga maji na kutimua mchanga. Dawa yake mara nyingi si kuongeza risasi wala kupunguza. Ni kuihamisha: baadhi itolewe kiunoni ipandishwe karibu na mtungi, mpaka mwili ulale sawa.

Na ninyi mlio kwenye umri wa kukua, miili yenu inabadilika kila mwaka. Wavulana wengi huongeza misuli, wasichana wengi huongeza mafuta, kama maumbile yalivyopanga. Risasi uliyotumia mwaka jana inaweza isikufae mwaka huu, na hilo si kosa lako wala la mwili wako.

Basi kilo sahihi zinapatikanaje? Zinapatikana kwa kuyauliza maji. Vaa vifaa vyote utakavyoshuka navyo. Ingia kwenye maji ya kina kisichokushinda, pamoja na mkufunzi. Toa hewa yote kwenye jaketi. Vuta pumzi ya kawaida, ishikilie kidogo ukiwa juu ya maji, utulie bila kupiga miguu. Maji yafike usawa wa macho. Kisha toa pumzi: uanze kushuka polepole. Ukishuka kabla hujatoa pumzi, punguza. Ukiitoa yote na bado unaelea, ongeza, kilo moja au nusu kwa wakati mmoja. Jaribio hili ni bora lifanywe mtungi ukiwa karibu kuisha. Likifanywa na mtungi uliojaa, ongeza kama kilo 2 kwa ajili ya hewa utakayoivuta.

Wanaoanza wengi hupewa risasi nyingi, kwa sababu mtu mzito huzama haraka na kazi ya siku huenda mbele. Msikubali kirahisi. Aliyezidishiwa risasi hulazimika kujaza jaketi hewa nyingi, na hewa hiyo hutanuka na kusinyaa kila anapopanda na kushuka, mpaka akili yake yote inaishia kwenye vitufe vya jaketi. Anachoka na kumaliza mtungi mapema. Magoti yake yanaangukia matumbawe ambayo aina zake nyingi hukua kwa sentimita chache tu kwa mwaka. Bahari inalipa gharama ya haraka ya mwanadamu.

Nami sitaki mtoto yeyote aondoke ufukweni akidhani mwili wake haufai. Mwembamba atahitaji suti ya joto, na risasi ya kuizamisha suti hiyo. Mnene atafungwa risasi kwa ajili ya mafuta yake, na kuelea kwake hakutabadilika sana kinani. Mwenye misuli atahamisha risasi miguu ikae sawa. Wote watatu wanaweza kutulia kwenye mita 10 wakitazama samaki yuleyule. Mkufunzi akikushika mkono na kukufunga kilo alizozikisia, mwambie kwa adabu: "Mwalimu, naomba tufanye kipimo kwanza." Omba hivyo kila ukibadilisha suti, kila ukibadilisha mtungi, kila ukitoka baharini kwenda ziwani, na kila ukiona nguo zako za mwaka jana zimekubana. Mkufunzi anayejua kazi yake hatakasirika. Atajua amempata mwanafunzi anayeelewa anachokifanya.